Farasi 42 Walio Ghorofa ya Juu

Wiki tatu za kwanza niliamini kwamba nilikuwa nimeuziwa pikipiki mbovu. Ilikuwa Yamaha YZF-R3 ya mwaka 2016, ya buluu, iliyokwisha kutembea kilomita 11,000 mikononi mwa mtu mwingine, na kwa macho haikuwa na kasoro: kioo cha mbele kimelala, kava za plastiki zimechongoka kama pezi la papa, mkia umeinuka, na kila aliyeikuta imesimama alitaka kujua inakimbia kiasi gani. Hata mimi nilitaka kujua. Nilikuwa nimezoea pikipiki ya kazi yenye silinda moja, ile ambayo ukivuta mafuta kidogo tu inang'oka papo hapo, kwa hiyo hii nayo niliiendesha vivyo hivyo. Niliiweka gia ya sita mapema iwezekanavyo, nikajikuta nyuma ya gari kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nikavuta mafuta ili nilipite. Nilichopata ni mguno, mtetemo mdogo miguuni, na mwendo uliopanda kwa uvivu kiasi kwamba gari lile likaniacha.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye huwa hasemi sana. Alifungua plagi, akatazama kichujio cha hewa, akasikiliza, kisha akaipanda mwenyewe na kuondoka. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuitoa kwenye pikipiki ile, sauti nyembamba na kali inayopanda na kuzidi kupanda hadi nikadhani kuna kitu kitapasuka. Aliporudi alizima, akashuka, akanikabidhi ufunguo.

"Pikipiki ni nzima, mwanangu," alisema. "Wewe unaiendesha kama lori."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeudhika, nikazitoa karatasi zake na kuzisoma upya. R3 ya miaka ile ina injini ya cc 321, silinda mbili zilizopangwa sambamba, na inatoa nguvu za farasi 42. Namba hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kabla ya kununua. Nilichokuwa nikikiruka ni maneno yanayoifuata, yaani kwamba farasi hao wanapatikana injini ikizunguka mara 10,750 kwa dakika. Nguvu ya injini ni zao la mambo mawili, msukumo wa kuzungusha kranki, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, na idadi ya mizunguko, na msukumo wa R3 hufikia kilele cha nyutonimita 29.6 kwenye mizunguko 9,000. Hata tukijifanya kwamba msukumo huohuo wa kilele unapatikana pia kwenye mizunguko 5,000, hesabu inatoa farasi 21 tu, nusu ya walioandikwa, na kwa kweli huko chini msukumo ni mdogo kuliko huo. Mimi nilikuwa nikibadili gia kwenye 4,500. Nilikuwa kama mtu aliyenunua nyumba ya ghorofa akaishi sebuleni tu, huku akilalamika kwamba vyumba ni vichache.

Sababu ya kuundwa hivyo inaeleweka. Injini ndogo haiwezi kumeza hewa na petroli nyingi kwa mpigo mmoja, basi njia iliyobaki ya kupata nguvu ni kupiga mara nyingi. Pistoni za R3 zina kipenyo cha milimita 68 lakini husafiri milimita 44.1 tu kutoka juu hadi chini, na ni safari hiyo fupi inayoziwezesha kwenda na kurudi kwa kasi bila kujivunja. Kwenye kilele cha nguvu kila pistoni inakwenda na kurudi kama mara 179 kwa sekunde, na mwendo wake wa wastani ndani ya silinda unakaribia mita 16 kwa sekunde. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa kalamu ndipo nilipoacha kuiogopa ile sauti, kwa maana niliona kwamba fundi hakuwa akiitesa pikipiki yangu; alikuwa akiitumia kwa namna walioiunda walivyokusudia itumike.

Ukubwa wenyewe haukuamuliwa na wahandisi peke yao. Nchini Japani pikipiki isiyozidi cc 250 husamehewa ukaguzi wa lazima unaozikabili zilizo kubwa zaidi, na leseni ya kawaida ya kule inaishia cc 400; Ulaya nayo, leseni ya pikipiki za kati, daraja la A2, imewekewa mpaka wa kilowati 35, sawa na farasi kama 47. Ukizijua namba hizo tatu utaelewa kwa nini Yamaha ilitoa R25 ya cc 249 mwaka 2014 na R3 mwaka 2015, kwa nini Kawasaki ilitoka kwenye Ninja 250 ikaenda 300 na kufika 400 mwaka 2018, na kwa nini nyingi za aina hii zinajibana chini ya kilowati 35. Iliyojipa raha kuliko zote ni Kawasaki Ninja ZX-25R ya mwaka 2020, yenye cc 250 zilizogawanywa kwa silinda nne na mizunguko inayofika 17,000. Sijawahi kuipanda. Niliisikia mara moja tu, kwa mbali, nikaacha nilichokuwa nikikifanya.

Wanaosema kwamba hizi ni pikipiki za kujifunzia tu niliwahi kukubaliana nao, na siku hizi huwa nawatajia mashindano ya dunia ya Supersport 300, yaliyoanza mwaka 2017 kwa ajili ya pikipiki za ukubwa huu huu. Msimu wa kwanza ulichukuliwa na Mhispania Marc García juu ya R3. Msimu uliofuata, mwaka 2018, ulichukuliwa na Ana Carrasco juu ya Ninja 400 kwa tofauti ya pointi moja, naye akawa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za barabara za pikipiki zinazopandwa na mtu mmoja. Sitaji haya kwa sababu ninakusudia kushindana na mtu. Ninayataja kwa sababu pale ambapo injini zote zinafanana kwa udogo, anayeshinda ni yule anayepoteza mwendo kidogo kuliko wengine, na hilo ndilo somo ambalo pikipiki yangu ilianza kunifundisha siku nilipoacha kuiendesha kama lori.

Nitoe mfano wa kulipita lori, kwa kuwa ndiko kosa langu la kwanza lilikokaa. Nipo nyuma yake kwa kilomita 80 kwa saa, gia ya sita, mshale uko kwenye mizunguko elfu tano na kitu. Mwenye pikipiki ya cc 1000 angevuta mafuta tu, na kazi ingekuwa imekwisha kabla hajafikiri. Nikifanya hivyo mimi, nitajikuta ubavuni mwa lori nikihesabu matairi yake huku gari la mbele likinijia. Kwa hiyo ninarudi nyuma kwanza, nijiachie nafasi ya kutosha ili nione barabara na niepuke upepo uliovurugika nyuma ya lori, ambao hutikisa kofia kichwani na kuisukumasukuma pikipiki hii ya kilo 169. Kisha, kabla sijatoka kwenye njia yangu, ninakanyaga pedali ya gia mara tatu: tano, nne, tatu. Kila mara mkono wa kulia unapandisha mizunguko kidogo wakati klachi imebanwa, ili gurudumu la nyuma lisikwaruzwe na injini inayozunguka polepole kuliko linavyotaka. Katika gia ya tatu mwendo uleule wa kilomita 80 unaniweka karibu na mizunguko 9,000, penye kilele cha msukumo, na hapo ndipo ninapotazama tena, kuwasha indiketa na kutoka. Pikipiki inaruka. Nikishafika mbele ya lori na kurudi kwenye njia yangu, ninapanda gia moja moja hadi ya sita na kelele inazimika.

Ukiyasoma hayo unaweza kuona ni kazi nyingi kwa jambo dogo, na kweli ni kazi. Lakini karibu yote inafanyika kabla ya kupita, si wakati wa kupita, nayo imenizoesha kuamua mapema. Mara nyingi maandalizi hayo yananionyesha kwamba nafasi haitoshi, na ninabaki nyuma ya lori nikiwa katika gia ya tatu, injini ikilia bure, nikionekana mjinga mbele ya wanaopita. Siku hizi hilo halinisumbui.

Kwenye kona ndiko nilikochelewa zaidi kujifunza. Pikipiki ikienda zaidi ya mwendo wa mtu anayekimbia, haikunji kona kwa kugeuzwa usukani kuelekea kona, bali kinyume chake. Ukitaka kwenda kushoto unausukuma mbele mkono wa kushoto, gurudumu la mbele linaelekea kulia kwa nukta ndogo, na pikipiki inaangukia kushoto na kuanza kupinda. Kila mwenye baiskeli hufanya hivyo bila kujua. Wilbur Wright, ambaye kabla ya ndege alikuwa mtu wa baiskeli, alieleza kwamba aliwauliza waendeshaji wengi jinsi wanavyokwenda kushoto na hakumpata aliyeweza kusema sawasawa anachokifanya. Mimi nilikuwa miongoni mwao hadi niliponunua R3, kwa sababu pikipiki nzito inasubiri mpaka uisukume kwa nguvu, lakini hii yenye tairi la nyuma la upana wa milimita 140 tu inajibu hata kiganja kikitaka kuuliza swali.

Wepesi huo una mtego wake. Chukua kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 40. Ukiingia kwa kilomita 60 kwa saa, wewe na pikipiki mnapaswa kulala kama nyuzi 35 kutoka wima, jambo ambalo tairi zuri lenye joto kwenye lami kavu linalimudu vizuri. Ukiingia kwa 70, nyuzi zinakuwa 44. Kilomita 10 za mwendo zimekula nyuzi 9 za ulalo, na kama kuna mchanga, mstari uliopakwa rangi na kunyeshewa, au tairi ambalo halijapata joto, huko kwenye nyuzi 44 hakuna cha kuomba. Kwa hiyo ninapunguza mwendo nikiwa bado nimesimama wima, ninachagua gia kabla ya kupinda, kisha ninashikilia mafuta kidogo kote konani ili uzito usihamehame. Macho yanatangulia kule ninakotaka kutokea, kwa sababu mikono inayafuata macho hata usipotaka. Niliwahi kulitazama shimo moja nikijiambia nisilikanyage, nikalikanyaga katikati kabisa kwa ustadi mkubwa.

Mwendo ukipotea konani kwa pikipiki kubwa unaurudisha kwa kidole. Kwangu, kilomita 10 nilizozitupa kwa kupiga breki bila sababu ninazilipa kwa sekunde nyingi za kuzitafuta upya. Ndiyo maana mtu anayeendesha injini ndogo huanza kuisoma barabara kwa mbali bila hata kuambiwa, maana anayaonea uchungu mapato yake.

Breki nitazisemea kwa ufupi, ingawa nimezifanyia mazoezi kuliko jambo jingine lolote. Pikipiki yangu haina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapobana breki. Kwa hiyo asubuhi za mapumziko nilikuwa nikienda kwenye uwanja mtupu wa lami, nakimbia kilomita 50 kwa saa, kisha nabana breki ya mbele kwa vidole viwili, kwanza taratibu hadi foki, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele, zizame na uzito uhamie tairi la mbele, ndipo nabana kwa nguvu. Ukiibana ghafla kabla uzito haujahama, gurudumu linafunga. Breki ya nyuma inasaidia kutuliza, lakini wengi wetu tulifundishwa kuitegemea yenyewe kwa kuogopa kupinduka, na woga huo una gharama. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza eneo la Los Angeles, na waliona mambo mawili ambayo bado yananikaa kichwani: waendeshaji waliokumbwa na hatari waliiburuza breki ya nyuma na kuitumia pungufu ile ya mbele, na katika ajali zilizohusisha gari jingine, kama theluthi mbili gari hilo ndilo lililoiingilia pikipiki njia yake. Ni utafiti wa zamani na wa mji mmoja. Hata hivyo, kila ninapomwona dereva kwenye njia panda akitazama upande wangu, huwa nachukulia kwamba hajaniona, na vidole viwili vinakuwa tayari juu ya breki.

Nimeiangusha mara moja tu, na haikuwa kwa kasi. Ilikuwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikigeuza ndani ya ua mwembamba, usukani umekunjwa wote kushoto, na paka akakatiza. Mkono wangu wa kulia ukabana breki ya mbele kabla akili haijatoa ruhusa. Pikipiki ikiwa imepinda usukani kiasi kile na ikakamatwa mbele, haina pa kwenda isipokuwa chini, nayo ilikwenda chini upande wa kushoto kwa heshima zote, taratibu, huku nikiisindikiza kwa mikono miwili nikidhani ninaweza kuizuia. Kilo 169 hazizuiliki kwa huruma. Ncha ya kishikio cha klachi ilikatika, pedali ya gia ikapinda ndani, kioo cha pembeni kikazunguka kikatazama mbinguni, na kava ya kushoto ikapata mkwaruzo wenye urefu wa kiganja ambao upo hadi leo. Paka alikaa ukutani akatazama shughuli nzima. Tangu siku hiyo, nikiwa na usukani uliokunjwa na mwendo mdogo, mkono wa kulia haugusi breki ya mbele kabisa. Ninatumia ya nyuma kidogo na klachi nusu, na kava ile sijaibadilisha, kwa sababu kava mpya ni ghali na mkwaruzo hauleti madhara yoyote kwa injini.

Watu huniuliza pia kuhusu mgongo na mikono. Mikono ya usukani wa R3 yangu imefungwa juu ya sahani ya foki, si chini yake kama kwenye pikipiki halisi za mbio, kwa hiyo mtu huinama kiasi tu. Hata hivyo mwezi wa kwanza viganja vilikufa ganzi kila baada ya dakika arobaini, na niliwalaumu waliobuni kiti. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeegemea mikono kama mtu aliyeegemea meza. Tangi limechongwa mashimo pembeni ili magoti yalibane, na ukilibana, uzito wa kifua unabebwa na tumbo na mapaja, viwiko vinalegea, na usukani unaachiwa nafasi ya kucheza kidogo wenyewe kwenye matuta. Ganzi ilikwisha ndani ya wiki moja, na pikipiki nayo ikatulia, kumbe iliyokuwa ikiitikisa ni mikono yangu.

Sasa mnyororo. Hapa nina kinyongo kidogo, na mtaniwia radhi. Katika mwaka wa pili niliiacha pikipiki mahali fulani ibadilishwe tairi la nyuma, na nilipoichukua niliona ina sauti mpya, mluzi mwembamba unaopanda na mwendo, na kila nilipopita tuta mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao. Aliyeifunga alikuwa ameukaza mnyororo hadi hauchezi. Inaonekana kama kazi safi, na asiyejua atashukuru. Lakini mkono unaolishika gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kadiri barabara inavyotaka, na kadiri unavyopanda ndivyo umbali unavyoongezeka kati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayozungukwa na mnyororo. Mnyororo usiokuwa na ulegevu pikipiki ikiwa tupu unakuwa kamba ya kunyongea mwenye pikipiki akikaa juu yake: unavuta beringi ya ekseli inayotokea kwenye gia, unajivuta wenyewe, na unaizuia shokomzoba isifanye kazi. Niliendesha kilomita 40 hivyo kabla sijaelewa.

Yule fundi mtu mzima alicheka aliponiona nimerudi. Aliubana mnyororo kwa vidole, akaupigapiga, akasema, "Huu umefanywa uzi wa gitaa." Siku hiyo hakukubali kunitengenezea, alinipa spana, akakaa kwenye kigoda. Tuliiinua nyuma kwa stendi, tukalizungusha gurudumu kwa mkono na kuutafuta mahali mnyororo unapokaza zaidi, kwa maana hauchakai sawasawa na ukiupima mahali palipolegea utaukaza kupita kiasi. Nikalegeza nati kubwa ya ekseli. Nikalegeza nati za kuzuia, kisha skrubu za kurekebisha za pande zote mbili, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, nikitazama alama zilizochongwa kwenye mkono wa gurudumu ili pande ziwe sawa, vinginevyo gurudumu linakaa upande na pikipiki inatembea kama kaa. Nikapima kwa rula ulegevu wa katikati ya mnyororo wa chini, nikilinganisha na namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Nilipofika pale, akaniambia niingize kitambaa kati ya mnyororo na sproketi ya nyuma, nirudishe gurudumu kidogo lijibane, ndipo nikaze nati ya ekseli. Kwa njia hiyo ekseli inavutwa mbele na haihami wakati wa kukaza. Nilipolitoa lile tambaa nikapima tena. Ulegevu ulikuwa umebaki palepale.

Tangu hapo kazi hiyo ni yangu. Kila baada ya kilomita mia tano hivi, na kila baada ya mvua, ninausafisha mnyororo kwa mafuta ya taa na brashi laini, maana ndani ya viungo vyake kuna pete ndogo za mpira zinazohifadhi grisi na brashi ya waya huzichana. Ninaupangusa, ninauacha ukauke, ninapaka mafuta yake upande wa ndani. Gurudumu ninalizungusha kwa mkono, injini imezimwa. Nimewaona watu wanaowasha injini, wanaweka gia ya kwanza na kuuacha mnyororo ujizungushe huku wanaupangusa kwa tambaa. Mnyororo ukilinasa tambaa hilo, vidole vinaingia pamoja nalo kati ya mnyororo na sproketi, na sproketi haijui kidole ni nini.

Mengine ya kuitunza ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Ninabadilisha oili ya 10W-40 mapema kuliko kitabu kinavyodai, kwa sababu katika pikipiki za namna hii oili ileile inalainisha injini, inalowesha klachi na kusagwa na meno ya gia, na inatoka nyeusi. Ninaiacha injini ipate joto kwa dakika chache za mwendo wa upole kabla sijaipeleka juu ya mizunguko 6,000. Upepo wa matairi ninaupima asubuhi yakiwa baridi. Petroli inakunywa kwa adabu, lita 14 za tangi zinanifikisha zaidi ya kilomita 300 nisipokuwa na haraka, na matairi yake hayaliwi upesi kama ya pikipiki kubwa kwa sababu hakuna nguvu ya kuyasaga. Mavazi hayakupungua kwa kuwa injini ni ndogo: kofia inayofunika kidevu, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, glavu, viatu vinavyofunika vifundo. Lami haiulizi cc.

Mwezi uliopita nilifikia kazi niliyokuwa nikiiahirisha, ya kukagua nafasi za valvu, vile vilango vinavyoingiza hewa na petroli kwenye silinda na kutoa moshi. Ndogo kama ilivyo, injini hii ina valvu nane, nne kwa kila silinda, na kwa pikipiki inayoishi juu ya mizunguko mingi namna hii, nafasi kati ya valvu na kamu, kinundu kinachoisukuma ifunguke, ikipungua valvu haifungi vizuri na mwishowe inaungua. Ili kufika huko lazima uvue kava zote, uondoe tangi, uondoe kisanduku cha hewa. Jumamosi nzima nilifungua skrubu na kuzipanga kwenye vikombe vya karatasi vyenye maandishi, na jioni ilipofika pikipiki ilikuwa imesimama uchi, bila hata kipande kimoja cha ile plastiki iliyonifanya niipende. Mpwa wangu alikuja kutazama. Alizunguka mara mbili, akainama, akaionyesha injini kwa kidole. Bila magamba yake ilikuwa kitu cha kijivu ambacho mtu mzima angeweza kukikumbatia.

"Mjomba, hiki ndicho kinachopiga kelele zote zile?"

Nikamwambia ndicho. Akachukua tochi, akachuchumaa upande wa pili, akanimulikia nikaanza na valvu ya kwanza.